Mali Bila Daftari: Filamu ya Watu wa Msituni na Somo Lake Kwetu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama wetu, mpima ardhi mstaafu, katika ukumbi wa shule siku ya pili ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Usiku uliotangulia wanafunzi na wageni walionyeshwa filamu The Territory.)



Kamati ya maandalizi iliniomba niseme machache juu ya filamu tuliyoonyeshwa jana usiku. Haikuniomba kwa kuwa mimi ni mjuzi wa sinema. Mimi ni mpima ardhi. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kubeba vyombo vya upimaji, kuzika bikoni, na kuchora mipaka ya mashamba, vijiji na misitu. Nadhani kamati iliona vema. Filamu ile, ukiondoa miti, ndege na muziki wake, ni habari ya mpaka: nani aliuweka, nani anauvunja, na nani anaulinda.

Mwalimu wa zamu alinikabidhi karatasi za maswali mlizoandika wanafunzi baada ya taa kuwashwa. Nilizisoma zote kabla ya kulala. Mengi yanafanana, nami nimeyakusanya katika mafungu matatu. Kazi yangu asubuhi hii ni kuyajibu. Lakini kwanza, kwa ajili ya wazee ambao mabasi yao yalichelewa, nieleze filamu yenyewe kwa ufupi.

HABARI YENYEWE

Filamu ilitolewa mwaka 2022, na mwongozaji wake ni Mmarekani Alex Pritz. Mwaka huohuo ilipata tuzo mbili katika tamasha la Sundance, moja ya watazamaji na moja ya waamuzi. Januari 2024 ikapata na tuzo ya Emmy. Inahusu watu waitwao Uru-eu-wau-wau, wakaao katika msitu wa Amazoni, jimbo la Rondônia, magharibi ya Brazili.

Watu hawa hawakuwa na mawasiliano rasmi na serikali ya Brazili mpaka mwaka 1981. Wakati huohuo serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikuwa ikitia lami barabara kuu ya BR-364 kutoka Cuiabá hadi Porto Velho. Lami ilikamilika mwaka 1984, na watu wasio na ardhi wakamiminika Rondônia kutoka sehemu nyingine za nchi. Pamoja na shoka yalikuja maradhi ambayo miili ya watu wa msituni haikuyazoea, na wengi walikufa. Waliobaki hawafiki 200.

Mwaka 1991 serikali iliwathibitishia rasmi eneo lao, lenye zaidi ya hekta milioni 1.8. Hawako peke yao humo. Wamo Amondawa, na wamo wengine ambao hadi leo hawataki kuonana na mtu wa nje. Katika karatasi, shauri liliishia hapo. Katika ardhi, ndipo lilipoanza.

Filamu ilipigwa kwa muda wa miaka mitatu hivi. Ni kipindi ambacho Jair Bolsonaro aligombea urais, akashinda, na kuanza kazi Januari 2019, akiwa amekwisha kuahidi hadharani kwamba watu wa asili hawataongezewa ardhi. Mliona jinsi maneno yale yalivyosikika huko chini. Watu waliokuwa wakivizia pembezoni walielewa kwamba mlango umefunguliwa.

Tunamwona Bitaté, kijana ambaye wazee wanamkabidhi uongozi angali na umri wa kukaa kidato cha sita. Tunamwona mama Neidinha Bandeira, mtetezi wa msitu, ambaye hakuzaliwa katika kabila lile lakini alikulia msituni. Tunawaona pia wavamizi wenyewe, na hapa mwongozaji alifanya kazi ya kusifiwa, kwa maana hakuwaonyesha kama mashetani. Mmoja ni kiongozi wa chama cha wakulima wadogo. Ana makaratasi, ana mikutano, ana ndoto ya kijiji chenye shule na kanisa ndani ya mpaka wa watu wengine. Mwingine hana subira ya makaratasi. Anashika msumeno wa injini na kiberiti.

Aprili 2020, Ari Uru-eu-wau-wau, mwalimu na mmoja wa walinzi wa doria ya msitu, alikutwa ameuawa.

Mwaka huohuo ulikuja ugonjwa wa korona. Watu ambao miaka 40 nyuma walikaribia kumalizwa na maradhi ya wageni hawakuhitaji kufundishwa. Walifunga njia, hata watengenezaji wa filamu wasiingie. Kamera zikapelekwa, na kuanzia hapo wakapiga picha wao wenyewe. Mmoja wao, Tangãi, anatajwa pamoja na Pritz kuwa wapiga picha wa filamu hii. Naomba mlikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

SWALI LA KWANZA: WATU 200, HEKTA MILIONI 1.8?

Mwanafunzi mmoja, bila shaka wa mchepuo wa hisabati, amegawanya na kupata hekta 9,000 kwa kila mtu. Akauliza: "Hii ni haki gani, na upande wa pili wa mpaka kuna maskini wasio na hata shamba la mihogo?"

Hesabu yake ni sahihi, na swali lake ni la mtu mwenye huruma. Hata hivyo amegawanya msitu kama mtu anavyogawanya shamba, na msitu ule si shamba la mtu.

Katiba ya Brazili ya mwaka 1988 inasema mambo mawili ambayo yafaa kuyashika pamoja. La kwanza, watu wa asili wana haki juu ya ardhi waliyoikalia kwa jadi yao, na haki hiyo ni ya asili. Serikali haiwapi, inaitambua tu na kuiwekea mipaka. La pili, ardhi hiyo inabaki kuwa mali ya taifa, nao wana haki ya kudumu ya kuitumia. Haiuzwi. Haiwekwi rehani. Bitaté hana hekta 9,000. Hawezi kuuza hata robo eka. Sisi Watanzania hatuna haja ya kulishangaa jambo hili, kwa kuwa na kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na sisi sote ni watumiaji.

Sasa tazameni upande wa pili wa hesabu. Mito mingi ya Rondônia huanzia ndani ya eneo lile. Mkulima wa nje ya mpaka, hata yule anayewachukia Uru-eu-wau-wau, ng'ombe wake wanakunywa maji yatokayo kwao. Katika picha zilizopigwa kutoka angani mliona eneo lile lilivyobaki kama kisiwa cha kijani, na pande zote ni malisho yaliyofyekwa. Kwa mpima ardhi, picha ile inatosha kuwa ushahidi. Mpaka wa mwaka 1991 unasomeka kutoka angani bila bikoni hata moja, kwa sababu upande mmoja kuna watu wanaouheshimu.

Na wale maskini? Shida yao ni ya kweli, na serikali yoyote inayowaacha watu wake bila ardhi ina deni. Lakini deni la serikali halilipwi kwa mali ya jirani. Neno lililowapotosha wakulima wale ni neno ambalo nimelisikia maisha yangu yote ya kazi: "Kule hakuna mtu, ni pori tu."

Katika upimaji wa vijiji tulikuwa na fomu yenye nafasi ya kuandika mtumiaji wa sasa wa kila kipande. Vijana wa ofisini walizoea kuandika "hakuna" popote pasipo na jembe. Siku moja, katika kijiji nisichokitaja, mzee mmoja aliniomba nimfuate kwenye kipande kilichoandikwa "hakuna". Akanionyesha mti wenye alama za kamba za mizinga, wa pili, wa watatu, na kila mmoja akamtaja mwenyewe na baba wa mwenyewe. Kisha akanionyesha chemchemi na jina lake, na mahali pa kutambikia. Kutwa nzima hatukuona mtu, lakini hatukupita mahali pasipo na mwenyewe. Jioni tuliifuta ile "hakuna", na sehemu ile ikaingia katika ramani ya kijiji kwa majina aliyoyataja mzee.

Wanafunzi, neno "pori" si kosa. Kosa ni kuliandika kabla ya kuuliza.

SWALI LA PILI: WANA SIMU NA NDEGE, BADO NI WATU WA ASILI?

Fungu hili lina maswali mengi kuliko yote. Mmoja ameandika: "Wamevaa kaptula na kofia, wana simu, wanarusha ndege isiyo na rubani. Kama wameendelea kama sisi, kwa nini wapewe haki tofauti?"

Swali hili lilikwisha kuulizwa na wakubwa zenu mbele ya majaji, tena hapahapa kwetu, mjini Arusha, penye makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kwa hiyo tuiache Brazili kidogo, tuje kwa majirani.

Nchini Kenya kuna msitu wa milimani uitwao Mau, takriban hekta 400,000. Humo ndimo unamoanzia mto Mara, unaopita Serengeti na kuingia Ziwa Viktoria upande wetu. Humo wanaishi Ogiek, ambao kwa jadi ni wawindaji na warina asali. Koo zao ziligawana msitu kwa vipande virefu vinavyopanda kutoka chini kwenda juu ya mlima, na kipande cha namna hiyo wanakiita konoito. Sababu ni nyuki. Maua huchanua kwa zamu kufuata mwinuko, nyuki huyafuata, na mrina asali huwafuata nyuki. Kila ukoo ukawa na sehemu ya chini na sehemu ya juu, ili pasiwe na watu wenye asali ya msimu mmoja tu. Huo ni upimaji wa ardhi, ndugu zangu, na ni upimaji wa watu wenye akili. Ulichokosa ni bikoni.

Wakoloni hawakuuona. Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Sir Morris Carter, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1932, iliwaita watu hawa Dorobo, na ikapendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine yaliyo karibu nao kwa nasaba. Maana yake ni kwamba wao kama wao hawakuwa na nchi. Baada ya uhuru, kufukuzwa kuliendelea. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 kuhama msituni. Shauri lao likapelekwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo mwaka 2012 ikalifikisha Mahakamani. Hukumu ilitolewa tarehe 26 Mei 2017. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya Mahakama ile juu ya haki za watu wa asili.

Upande wa serikali ulisema karibu yaleyale yaliyomo katika karatasi zenu: kwamba Ogiek wamebadilika, hawaishi tena kama mababu zao. Mahakama haikukubali. Ilisema kwamba utamaduni si kitu cha kusimama palepale. Watu waweza kubadili mavazi na zana na wakabaki kuwa watu walewale, wenye uhusiano uleule na ardhi yao. Na hapa niwaulize ninyi: babu yangu alilima kwa jembe la mkono, mjukuu wangu analima kwa trekta. Je, shamba limebadilika mwenyewe?

Upande wa serikali ulisema pia kwamba Ogiek wanahamishwa ili msitu uhifadhiwe. Mahakama ilipima ushahidi ikaona kwamba Ogiek hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa Mau. Maandishi ya serikali yenyewe yalionyesha kuwa sababu kubwa ni kumegwa kwa msitu na vibali vya kukata miti. Mwaka 2001 peke yake, zaidi ya hekta 61,000 za Mau ziliondolewa katika hifadhi. Hizo hazikumegwa na mrina asali.

Kwa hiyo ndege ile mliyoiona ikiruka juu ya Rondônia haimpunguzii mtu uasili wake. Ameichukua kama babu yake alivyochukua panga la chuma lilipofika: kwa kazi ileile ya kulinda kwao.

SWALI LA TATU: KAMA WANA HATI, KWA NINI WANAVAMIWA?

Hili liliandikwa na mtu mmoja tu, kwa penseli, bila jina. Namwomba asimame rohoni, kwa sababu amegusa kiini.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni kama wimbo wa taifa wa wapima ardhi. Tumeitumia kuwashawishi wanakijiji kupima mashamba yao, na ni kweli tupu. Lakini mtu yule wa penseli ameona upungufu wake. Uru-eu-wau-wau wana daftari tangu mwaka 1991. Daftari lilikuwa kabatini mjini. Msumeno ulikuwa msituni. Daftari lisilokuwa na mlinzi nalo hupotea, tofauti ni kwamba habari zake zinafika.

Tena hata daftari lenyewe huweza kufutwafutwa. Huko Brazili kulikuwa na hoja kwamba watu wa asili wadai tu ardhi waliyokuwa wameikalia tarehe 5 Oktoba 1988, siku Katiba ilipotangazwa. Fikirini: mtu aliyefukuzwa mwaka 1987 aambiwe kwamba hakuwepo. Septemba 2023 Mahakama Kuu ya nchi ile iliikataa hoja hiyo. Desemba ya mwaka uleule Bunge likaitia katika sheria. Haki ya ardhi haipatikani mara moja ikaisha. Yataka kulindwa kila asubuhi, kama kibanda cha kuku.

Ogiek nao wana hukumu. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Arusha ilitoa amri za fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara ya utu wao. La muhimu zaidi, iliamuru ardhi yao ipimwe, iwekewe mipaka na kuandikwa kwa jina lao katika muda wa miaka miwili. Novemba 2023, kabla ya miaka hiyo kwisha, familia za Ogiek zilivunjiwa nyumba huko Sasimwani, Narok. Juni 2024 muda ukaisha na ardhi haijarudishwa. Ahadi ni deni, na hukumu ni zaidi ya ahadi. Lakini hukumu haina miguu. Haiwezi kutembea yenyewe kutoka Arusha mpaka Mau.

Basi tufanyeje? Tukate tamaa? La hasha. Nadhani filamu ya jana inatupa jibu, na jibu hilo halimo katika maneno ya mtu yeyote. Limo katika ile nusu ya pili, pale kamera ilipobadili mikono.

Kabla ya hapo, mtu wa msituni akivamiwa alilazimika kwenda mjini kueleza, na aliyesikiliza aliweza kusema, "Tutaangalia." Baada ya hapo, alikwenda na picha, yenye tarehe, saa, na mahali palipopimwa kwa setilaiti: huu ndio mti uliokatwa, hiki ndicho kibanda cha mvamizi, hii ndiyo njia waliyoifyeka. Ofisa aliweza kupuuza, lakini hakuweza kusema hajui. Watu wale hawakungoja mlinzi wa daftari aletwe. Walijifunza kuliandika daftari na kulilinda wao wenyewe. Hii si sababu ya kuiondolea serikali wajibu wake. Ari aliuawa akifanya ulinzi ambao ulikuwa kazi ya dola. Lakini ndiyo iliyofanya jina lake lijulikane mpaka kwenye ukumbi huu.

Ogiek walifanya kitu cha aina hiyo bila kamera. Mwaka 2006, huko Nessuit, wazee na vijana walijenga sanamu ya nchi yao kwa tabaka za karatasi ngumu, milima na mabonde kwa vipimo sahihi. Wazee wakaweka juu yake majina, mipaka ya koo, mito na misitu ya asali. Vijana wengi walikuwa hawajapata kuyasikia majina hayo. Mzee asiyejua kusoma ramani alisoma ile kwa kidole.

Nasi tunao mfano wetu. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda, walikuwa wakiona nchi yao ikipungua mwaka hadi mwaka kwa mashamba na mifugo ya wengine. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa kikundi, si kwa mtu mmoja tu. Kwa njia hiyo, mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya pamoja ya takriban hekta 20,000. Hawakuishia kwenye hati. Kuna mpango wa matumizi ya ardhi ulioafikiwa na majirani, kuna walinzi watokao miongoni mwao wanaotembea na kuandika wanachokiona, na kuna fedha za hewa ukaa zinazowalipa kwa kutokata miti. Sisemi kwamba shida zao zimekwisha. Nasema kwamba pale daftari, jirani na mlinzi vimekaa pamoja, na hivyo vitatu ndivyo bikoni za kweli. Ya zege yaweza kung'olewa usiku mmoja.

LA MWISHO

Wanafunzi, kutoka katika ukumbi huu atatoka mpima ardhi. Atatoka ofisa misitu, karani wa masijala ya ardhi, hakimu, mwandishi wa habari, na pengine waziri. Siku moja karatasi itafika mezani pako, na juu yake pameandikwa "pori", au "hakuna mtumiaji", au "wavamizi". Haitakuwa na picha wala muziki. Itakuwa karatasi ya kawaida ya Jumatatu asubuhi, na kiko kalamuni mwako kuweka sahihi au kuuliza. Sikuombi uwe shujaa kama Ari. Nakuomba uulize. Nenda, au mtume mtu, aonyeshwe miti na mzee wa mahali.

Na tusingoje mpaka mpate vyeo. Juu ya shule hii kuna msitu ambao mabomba yetu ya maji yanatoka humo. Tulipokuwa wanafunzi tulitumwa kule kuzibua banio, na wazee wa kijiji walikuwa na jina kwa kila chemchemi na kila jabali. Katika ramani zote nilizopata kuziona, mahali pale ni rangi ya kijani bila neno hata moja. Wazee wale wanapungua kila mwaka. Nimekwisha kuzungumza na mwalimu wa Jiografia. Yuko tayari kuongoza klabu yake ipande huko pamoja na wazee, iandike majina, ipime mahali, ipige picha, na kumwachia mwenyekiti wa kijiji nakala moja na maktaba ya shule nakala ya pili. Kwanza kijiji kiombwe ruhusa. Daftari ni lao, sisi ni makarani.

Wazee wenzangu, kazi hiyo yahitaji kamera mbili, vifaa viwili vya kupimia mahali, na daftari ngumu za kutosha. Kiasi hicho hakizidi gharama ya chakula chetu cha jana usiku, ambacho nakiri kilikuwa kitamu. Mweka Hazina ana bahasha mlangoni. Mimi nimekwisha kutia changu, na pamoja nacho kifaa changu cha kazi, ambacho bado ni kizima na kinapenda milima kuliko magoti yangu.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali mengine yaliyobaki katika karatasi nitayajibu chini ya mwembe baada ya chai, na yule mwenye penseli akipenda kujitokeza, nitafurahi kumshika mkono.